Juzuu ya Majira ya Baridi

Muuzaji alisema ni Biblia ya Kiitaliano. Alikuwa amekilaza kitabu kile kati ya mwongozo wa kutengeneza Peugeot 504 na riwaya tatu zisizo na majalada, juu ya gunia lililotandikwa kando ya Barabara ya Tom Mboya, kwenye mojawapo ya maduka ambayo wakazi wa Nairobi huyaita inama, maana usipoinama hununui. Jalada lilikuwa la ngozi nyeusi, pembe moja imetafunwa na kitu chenye meno madogo. Kingo za karatasi zilikuwa na rangi ya majani ya chai mpaka nilipozielekeza kwenye jua. Hapo zikatoa dhahabu kidogo, kama mtu anayetabasamu kwa adabu tu.

"Mia tatu, kastoma. Kitu orijino hicho."

Nikakifungua katikati. Herufi B ilikuwa imejaza robo ya ukurasa, tumbo lake la chini limezungukwa na mzabibu, na ndani ya mzabibu ndege mdogo amekaa kana kwamba hayamhusu. Maandishi yalikuwa meusi, ila kila baada ya mistari michache palitokea maneno mekundu, madogo, ya kumwelekeza msomaji: hapa simama, hapa piga magoti, hapa rudi nyuma kurasa kadhaa. Rangi hizo zilikuwa za chapa, hazikupakwa kwa mkono. Wachapaji wa Ulaya wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walipenda kuiga vitabu vya kale vilivyopambwa kwa dhahabu na buluu, na waliiga vizuri. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye lami nikimtafutia mpwa wangu kitabu cha hesabu. Nikageuza kurasa kadhaa, na humo nikaona neno ninalolijua.

Oremus.

Nilikuwa sijawahi kuliona. Nilikuwa nimelisikia maelfu ya mara.

Nyanya yangu, mamake baba, tuliyemwita Cucu kama watoto wote wa upande wetu wa Riruta, alikuwa na neno moja la kunyamazisha nyumba nzima. Chakula kikishawekwa mezani, au mbwa wakizidi kubweka, au baba zetu wakubwa na wadogo wakianza kuzozana juu ya mpaka wa shamba, alisema "Oremuthi!" na kila mtu alifunga mdomo na kuficha mikono chini ya meza. Sisi watoto tuliamini ni Kikuyu cha zamani, maana yake "nyamazeni". Binamu yangu alilitumia kwa kuku. Kwenye michezo yetu, aliyekuwahi kulitamka alikuwa amekugandisha pale ulipo, mguu mmoja hewani, mpaka atakapokuachilia. Kikuyu hakina sauti ya s. Mahali pake huweka th, na ndivyo "tuombe" ya Kilatini ilivyoingia kwetu ikavaa nguo za nyumbani. Hakuna aliyewahi kumuuliza Cucu neno lile limetoka wapi. Siku niliyochuchumaa pale Tom Mboya alikuwa ameshafariki miezi kumi na minne, na nilipolisoma kwa midomo, silabi kwa silabi, nilisikia sahani zikinyamaza.

Nililipa mia tatu bila kuomba kupunguziwa. Muuzaji alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akijilaumu kwa kutosema mia tano.

Kitabu chenyewe ni breviari, kitabu cha sala ambazo padri wa Kikatoliki aliwajibika kuzisema kila siku ya maisha yake baada ya kupewa daraja: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Zaburi zote 150 zilikamilika kwa wiki, kisha wiki ikaanza upya. Kwa kuwa sala hizo haziwezi kuingia mfukoni mwa kanzu kwa pamoja, zilichapwa kwa juzuu nne, moja kwa kila majira ya Ulaya. Yangu ni Pars Hiemalis, sehemu ya majira ya baridi. Imechapwa Tournai, Ubelgiji, na kampuni ya Desclée, nayo huanza na Majilio na kuishia Kwaresima inapobisha hodi. Kwa hiyo padri aliyekibeba hapa kwetu alisema sala za baridi mwezi wa Januari, vumbi limejaa kwenye nyusi, mabua ya mahindi yamekauka shambani, na asubuhi ya Jumapili akaialika theluji nayo imsifu Muumba wake. Juzuu nyingine tatu, za machipuko, kiangazi na vuli, sijui ziko gunia gani. (Hata lugha yetu inacheka hapo. Vuli yetu ni mvua.)

Kwenye ukurasa wa kwanza kuna majina. Sitayataja, wenyewe hawakuyaandika ili nije kuyasoma mimi. La kwanza ni la wino uliogeuka kahawia, mwandiko umelala kulia, na mbele yake maneno mawili: ad usum. Kwa matumizi ya. Mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara hana mali, na hata kitabu anachosalia si chake. Kinaweza kuwa mkononi mwake miaka 30 na bado ataandika hivyo, kwamba anakitumia tu. Jina la pili liko chini yake, mwandiko mnene, wino wa buluu, na ad usum tena. Jina la kwanza halikukwaruzwa. Limepitishiwa mstari mmoja mwembamba, ulionyooka kabisa. Mtu alitafuta rula ili amkate mwenzake kwa heshima.

La tatu ni la penseli, na ni jina la huku kwetu, limeandikwa bila ad usum. Baada yake kuna muhuri wa maktaba fulani, na juu ya muhuri huo muhuri mwingine wa kusema kimeondolewa. Basi. Kati ya muhuri wa pili na gunia la Tom Mboya hapana hata nukta.

Nimekaa na ukurasa ule jioni nyingi. Wafanyabiashara wa vitabu vya kale hupenda orodha kama hiyo, kwa sababu humwonyesha mnunuzi kitabu kimepitia mikono ya nani, na bei ikapanda. Mimi naisoma kama daftari la matanga. Kitabu hiki hakikuhama hata mara moja kwa furaha. Padri hatoi breviari yake kuwa zawadi ya harusi. Amekufa, au macho yamekwisha, au ameamka siku moja akaambiwa kwamba sala zimebadilika.

Na kweli zilibadilika. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Nairobi mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika, wakafungua misheni ya Mtakatifu Austin upande wa magharibi, mahali panapoitwa Muthangari au Msongari, kutegemea ulimi wako. Walileta Kilatini na kahawa. Miche yao, yenye asili ya kisiwa cha Bourbon ambacho leo ni Réunion, ilishika udongo ule mwekundu vizuri, na mbegu zikasambaa mashambani. Wakulima mpaka leo huiita aina hiyo French Mission. Masista wa Loreto walikuja mwaka 1921, wakajenga jirani. Cucu alichuma kahawa ya mapadre akiwa msichana, na Kilatini alikichuma huko huko, kwa kusikia, bila kitabu wala maelezo. Siku hizi ukipanda matatu ya Kawangware unapita Lavington ya maghorofa na maduka, na kahawa utaikuta kwenye vikombe.

Tarehe 4 Desemba 1963, huko Roma, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia iliyozifungulia mlango lugha za watu. Siku nane baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, bendera ya Uingereza ikashushwa hapa Nairobi, pale panapoitwa sasa Uhuru Gardens. Ndani ya siku hizo nane mji huu uliagwa mara mbili, na sherehe ikawa moja. Kanisa Kuu la Familia Takatifu, lile la zege katikati ya mji, kazi ya msanifu Dorothy Hughes, lilikuwa ndiyo kwanza limekamilika. Lilikisikia Kilatini kama mgeni aliyefika wakati vyombo vinaoshwa. Misale mpya ilianza kutumika Majilio ya mwaka 1969. Mwaka 1971 breviari nayo ikapata mrithi, Liturujia ya Vipindi, na juzuu nne za kila padri zikawa mzigo wa kabati.

Sililii Kilatini. Misa ya Kiswahili ndiyo niliyolelewa nayo, na siku nilipohudhuria Misa ya Kilatini nikiwa mtu mzima nilijihisi kama ninayesikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukutani. Lakini huwafikiria mapadre waliokuwa na miaka 60 sala zilipobadilika. Mtu amekariri zaburi kwa lugha moja miaka 35, ulimi umeshajua njia wenyewe kama punda anayerudi nyumbani, halafu anaambiwa ashuke.

Nilimuuliza baba Cucu alisemaje lugha ilipobadilika. Alifikiri kidogo. Alisema siku ya kwanza aliposikia Misa nzima kwa Kikuyu, Cucu alirudi nyumbani, akavua viatu, akasema kwamba sasa Mungu anasikika kama jirani. Baba hakumbuki kama ilikuwa sifa au lalamiko.

Vitabu vya sala vilivyopambwa kwa mkono, vile vya Ulaya ya karne ya 15 ambavyo herufi yangu B inaviiga, vingi vilikuwa vya watu wa kawaida wenye fedha: wafanyabiashara, mabibi wenye majumba. Mwanzoni palikuwa na kalenda, sikukuu kubwa zimeandikwa kwa wino mwekundu au dhahabu, na familia zikajaza humo nani amezaliwa na nani amekufa. Sala za marehemu zilikuwamo karibu katika kila kitabu. Kisha familia ikaisha, kitabu kikauzwa, mnunuzi akakwangua nembo ya mwenzake akachora yake. Karne ya 20 ilizua jambo baya kuliko kukwangua. Mwalimu wa sanaa wa Cleveland, Marekani, Otto Ege, aliyefariki mwaka 1951, alikuwa akinunua miswada ya kale, anaikata, anauza karatasi moja moja. Hoja yake ilikuwa kwamba hivyo hata mtu wa kipato kidogo atapata kipande chake.

Hoja hiyo inanisumbua kwa sababu nimeisikia kwetu. Shamba la Cucu liligawanywa baada ya mazishi, hamsini kwa mia, kila mtu apate chake. Kila mtu amepata. Hakuna anayeweza kulima. Pale palipokuwa na mti wa parachichi kuna geti, na mimi pia nina karatasi yangu ya ploti, na sikukataa nilipopewa.

Watu wa pwani walikuwa na dawa yao ya kuzuia kitabu kisiuzwe wala kugawanywa. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, mafundi waliandika misahafu wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na anayeitazama hahitaji kuambiwa kwamba hawakuwa na haraka. Kitabu kikiwekwa wakfu huandikwa hivyo ndani yake: hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Nadhani yule mtawa wa wino wa kahawia na mwenye kuweka wakfu wangeelewana, kila mmoja akishika kitabu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Hata hivyo ulinzi wa maneno una mwisho wake. Mingine ya misahafu hiyo sasa iko ng'ambo, nyuma ya kioo, na mkono wa kuigeuza ni wa mtu mwenye glavu.

Kutoka pale niliponunulia kitabu, ni kuvuka tu na utalifikia jengo la Nyaraka za Taifa, lililokuwa zamani Benki ya India. Humo mna vitabu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, mtu aliyekusanya vitabu kama wenzake walivyokusanya ploti. Zilipita nakala 50,000, na kati yake kama 8,000 zilichapwa kabla ya mwaka 1900. Wageni walitaka kuzinunua. Alikataa, akaiuzia serikali ya Kenya ili zibaki nyumbani. Nyumba yake ya Muthaiga nayo ilikusudiwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, ikaja kubomolewa. Alifariki Juni 1990, akazikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands Februari 1965. Kama kuna mtu katika mji huu aliyejua kukiaga kitabu sawasawa, ni Murumbi: alichagua nani akichukue, kwa sharti gani, akiwa bado hai. Na bado, kila nikipita pale hufikiri jambo dogo. Mwenye vitabu vile aliweza kunyoosha mkono gizani akatoa anachokitaka. Ujuzi huo haukuwamo kwenye mauzo.

Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, na simba wake wawili wa mawe, nayo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya msiba: mjane akimkumbuka mumewe. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Napita.

Juni nilikipeleka kitabu kwa mzee mmoja, katekista mstaafu, anayeishi nyuma ya soko la Kawangware. Utotoni alitumikia altareni, enzi za Kilatini kitupu. Alinawa mikono kwanza, akaipangusa kwa kitambaa, akavaa miwani, kisha akakileta kitabu puani kabla ya kukileta machoni.

"Hiki ni cha padri," alisema. "Sisi hatukuvifungua hivi, mwanangu. Tulivibeba."

Nilimwomba anisomee sala za marehemu, ziko mwishoni. Akauliza ni kwa ajili ya nani. Nilipomtajia Cucu, aliinua kichwa. Alimjua, alisema, yule wa kahawa, mwenye sauti.

Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, na Kilatini chake kilikuwa cha kwetu, th zimejaa kila mahali. Mimi nilitazama tepe za kitabu: zilikuwa tano zamani, zimebaki tatu, nyekundu moja na mbili ambazo huwezi tena kusema zilikuwa rangi gani. Karatasi ya tatu ya sala zile ilikuwa imekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono. Nilikuwa sijaliona hilo miezi yote ile. Mzee hakusimama. Aliendelea, kidole kikitembea juu ya meza mahali ambapo ukurasa ungekuwa, mstari baada ya mstari. Kisha akasita. Akarudi nyuma kidogo, kama mtu anayetaka kuruka mtaro, akaja kwa nguvu, akasita pale pale.

"Imetoka," akasema.

Tulikaa. Nje mtu alikuwa akiuza sukuma wiki kwa kipaza sauti. Mzee aliivua miwani, akaivaa tena, akafunua mbele mpaka akapata mahali ambapo karatasi zinaendelea. "Oremuthi," akasema, na nikakuta mikono yangu iko chini ya meza.

Nilitaka kumwachia kitabu. Alikataa katakata. "Nikifa watakiuza kwa kilo," alisema, "wafungie nyama." Akakifunga, akapitisha kiganja juu ya jalada mara moja, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kwa hiyo kiko kwangu, juu ya kabati, ndani ya foronya safi. Jina langu sijaliandika. Mara mbili nimeshika kalamu, mara mbili nimejiuliza niandike kwa lugha gani, na mara zote mbili nikaenda kupika.

Muuzaji nilimweleza kwamba juzuu ziko nne, akiona nyingine nyeusi yenye kingo za dhahabu anijulishe. Wachuuzi walihamishwa pale. Sasa ametandika gunia lake karibu na Latema Road. Ni mtu wa ahadi, hupiga simu kweli. Mara ya kwanza kilikuwa kitabu cha nyimbo cha Wapresbiteri. Mara ya pili, kamusi. Jumamosi iliyopita alinipungia mkono kutoka mbali, ameinua kitu cheusi kinachometameta.

"Huyu si ndugu yake, kastoma?"

Nikainama. Ilikuwa shajara ya benki, ya mwaka 1998. Kurasa nyingi zilikuwa tupu. Tarehe 9 Machi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya kijani: fundi wa paa, alasiri. Tarehe 10: hakuja.

Nikauliza bei.